Daktari Ronald Ross na Fumbo la Homa ya Malaria

Swali la kale

Maswali mengi makubwa ya sayansi huanza katika mambo tunayoyaona kila siku. Kwa nini watu wanaokaa karibu na mabwawa huugua homa mara nyingi kuliko wale wanaokaa milimani? Kwa nini homa huzidi baada ya mvua za masika? Kwa nini mgonjwa hutetemeka kwa baridi hali mwili wake unawaka moto, kisha akatokwa na jasho na kupata nafuu, na baada ya siku moja au mbili homa ikamrudia? Watu wa nchi nyingi walijiuliza maswali haya kwa maelfu ya miaka.

Watu wa Ulaya walikuwa na jibu lao. Walisema kwamba homa huletwa na mvuke mchafu unaotoka katika matope na majani yaliyooza. Waitalia waliuita ugonjwa huo malaria, maana yake hewa mbaya. Jibu hilo lilifanana na ukweli, kwa kuwa homa ilikuwa nyingi kweli mahali penye maji yaliyotuama. Lakini lilikuwa na hatari yake. Mtu aliyeamini kwamba homa huletwa na hewa alifunga madirisha yake usiku, huku pipa la maji lililojaa viluwiluwi vya mbu limesimama mlangoni pake. Jibu lisilo sahihi lilimfanya amkimbie rafiki na kumfuga adui.

Katika Afrika ya Mashariki walikuwako watu waliolikaribia jibu la kweli. Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alifanya kazi katika koloni la Wajerumani, sehemu ambayo leo ni Tanzania bara, mwaka 1897 na 1898. Aliandika kwamba wenyeji wa milima ya Usambara walijua kuwa wakishuka nyanda za chini huugua homa. Ugonjwa huo waliuita mbu, kwa jina lile lile la mdudu aliyewauma huko chini. Watu hao walikuwa wametazama mambo kwa makini. Kilichokosekana ni uthibitisho. Je, mbu huileta homa hasa, au hupatikana tu mahali penye homa? Kama huileta, huileta kwa njia gani? Katika miaka hiyo hiyo mtu mmoja nchini India alikuwa akiutafuta uthibitisho huo. Jina lake ni Ronald Ross.

Utoto na masomo

Ronald Ross alizaliwa tarehe 13 Mei, 1857, katika mji wa Almora, ulio katika milima ya Himalaya kaskazini ya India. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza, na baba yake Ronald alikuwa ofisa katika jeshi la watawala hao. Ronald alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kumi. Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma, akakaa kwa ndugu za wazazi wake.

Kijana Ross hakupenda udaktari. Alipenda kuchora, kupiga muziki, kutunga mashairi na kufanya hesabu. Baba yake ndiye aliyetaka awe daktari, naye akatii. Alijiunga na hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo mjini London akiwa mwanafunzi wa udaktari, lakini hakujitahidi sana, na mtihani mmojawapo ulimshinda. Ilimbidi afanye kazi ya udaktari katika meli kwa muda, kisha akarudi kuufanya mtihani huo tena. Mwaka 1881 aliingia katika utumishi wa udaktari wa India.

Pipa la maji la Bangalore

Mwaka 1883 Ross alipewa kazi katika mji wa Bangalore, kusini ya India. Nyumba yake ilikuwa nzuri, ila mbu walikuwa wengi mno kuliko katika nyumba za jirani. Ross alijiuliza sababu. Alitazama huku na huku, akaona pipa la maji lililowekwa nje karibu na dirisha. Alipochungulia ndani aliona vidudu vidogo vikipindapinda majini. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu. Alilipindua pipa, maji yakamwagika, na baada ya siku chache mbu wakapungua nyumbani mwake.

Ross alimweleza ofisa mmoja habari hiyo, akashauri vyombo vyote vya maji katika kambi vishughulikiwe vivyo hivyo. Ofisa yule hakukubali. Alidhani si vema kuingilia mpango wa maumbile. Wakati huo Ross mwenyewe hakujua kwamba mbu wana uhusiano na malaria. Alikuwa amejifunza jambo moja tu: ukiondoa maji yaliyotuama, umeondoa mbu.

Vijidudu katika damu

Miaka mitatu kabla ya hapo, yaani mwaka 1880, jambo kubwa lilikuwa limegunduliwa Afrika ya Kaskazini. Daktari Mfaransa aliyeitwa Alphonse Laveran alikuwa akifanya kazi katika mji wa Constantine, nchini Algeria. Alitazama damu ya mgonjwa wa malaria kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya damu aliona vijidudu hai vyenye punje ndogo nyeusi. Vijidudu vya namna hii, ambavyo hukaa ndani ya kiumbe kingine na kujilisha humo, huitwa vimelea.

Basi ikajulikana kwamba malaria husababishwa na vimelea wala si hewa mbaya. Lakini swali lingine likazuka. Vimelea hivyo hutokaje katika damu ya mtu mmoja na kuingia katika damu ya mtu mwingine?

Mwaka 1894 Ross alikuwa likizoni London. Huko alikutana na Daktari Patrick Manson. Miaka mingi kabla ya hapo Manson alifanya kazi China, akagundua kwamba mbu huwafyonza wadogo wa minyoo ya matende pamoja na damu ya mgonjwa, na kwamba minyoo hiyo hukua ndani ya mwili wa mbu. Manson alimwonyesha Ross vimelea vya malaria kwa hadubini, akamweleza wazo lake kwamba huenda mbu huvibeba vimelea hivyo pia. Alidhani kwamba mbu akiisha kunyonya damu hufia majini, na watu wakiyanywa maji hayo wanapata homa.

Wazo hilo lilikuwa na ukweli nusu na kosa nusu. Hakuna aliyeweza kujua nusu ipi ni ya kweli mpaka lipimwe kwa majaribio.

Miaka miwili bila jibu

Ross alirudi India mwaka 1895, akapangiwa kazi katika mji wa Secunderabad. Alianza kupasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini, akitafuta vimelea katika kila sehemu ya mwili wao. Hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu tumbo la mbu ni dogo kuliko punje ya mchele. Hali ya hewa ilikuwa ya joto kali, lakini Ross hakuweza kutumia pepeo la kuvutwa kwa kamba, maana upepo wake ungewapeperusha mbu aliowapasua. Jasho lake lilidondokea hadubini mpaka skrubu zikaota kutu.

Ross alilipima pia wazo la Manson kuhusu maji. Watu waliokubali walipewa maji yaliyokuwa na mbu waliokufa. Majaribio hayo hayakuonyesha kwamba malaria huletwa na maji ya kunywa. Siku hizi jaribio kama hilo kwa binadamu haliruhusiwi kufanywa ovyo. Ni lazima mtu aelezwe hatari zote, akubali kwa hiari yake, na wataalamu wengine walikague jaribio kwanza.

Miaka miwili ikapita. Ross alipasua mbu wengi wa rangi ya kijivu na wengine wenye milia, bila kuona lolote. Mwaka 1897 yeye mwenyewe aliugua malaria. Mtu mwingine angesema kwamba wazo la mbu ni la uongo, akaliacha. Ross aliwaza kwa namna nyingine. Alijiuliza kama labda kosa halikuwa katika wazo bali katika mbu aliowachagua. Aina za mbu ni nyingi. Huenda aina moja tu ndiyo inayobeba malaria, na yeye alikuwa hajaipasua bado.

Tarehe 20 Agosti, 1897

Katikati ya mwezi wa Agosti, 1897, wasaidizi wa Ross walimletea viluwiluwi ambavyo hakuwahi kuvichunguza. Vilipokua vilitoa mbu wa rangi ya kahawia wenye madoadoa mabawani. Leo tunawaita mbu hao anofelesi.

Palikuwa na mgonjwa wa malaria aliyeitwa Husein Khan. Huyu alikubali kulala ndani ya chandarua na kuumwa na mbu, naye akalipwa ana moja kwa kila mbu aliyeshiba damu yake. Ana 16 zilikuwa sawa na rupia moja, fedha ambayo wakati huo ilitumika pia Zanzibar na Mombasa. Tarehe 16 Agosti mbu wale wa kahawia walimuuma Husein Khan. Ross aliwatunza katika vyupa vidogo, akaanza kuwapasua siku baada ya siku. Baadhi yao walikufa, na idadi ikazidi kupungua.

Tarehe 20 Agosti walikuwa wamebaki wachache sana. Ross alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa yamefifia kwa kazi. Alimpasua mbu mmoja, akalichunguza tumbo lake kwa makini. Katika ukuta wa tumbo hilo aliona vitu vya mviringo ambavyo hakuwahi kuviona katika mbu yeyote. Ndani yake mlikuwa na punje ndogo nyeusi, sawasawa na zile za vimelea vya malaria katika damu ya binadamu.

Ross hakushangilia mara moja. Alifikiri kwamba kama vitu hivyo ni vimelea hai, basi siku inayofuata vitakuwa vimekua. Tarehe 21 alimpasua mbu mwingine aliyeumia damu ile ile. Vile vitu vya mviringo vilikuwamo, tena vikubwa zaidi kuliko vya jana. Vimelea vya malaria vilikuwa vikikua ndani ya tumbo la mbu.

Ndege wa Calcutta

Hata hivyo, nusu ya swali ilikuwa imebaki. Ross alikuwa ameonyesha jinsi vimelea vinavyoingia katika mbu, lakini hakuonyesha jinsi vinavyotoka na kumwingia mtu mwingine. Kabla hajaendelea, wakubwa wake walimhamisha kwenda kituo ambako malaria ilikuwa haba. Miezi kadhaa ilipita hivyo hivyo. Mwaka 1898 aliruhusiwa kuendelea na uchunguzi katika mji wa Calcutta, ambao sasa unaitwa Kolkata.

Huko Calcutta hakupata wagonjwa wa kutosha waliokubali kuchunguzwa. Kwa hiyo aligeukia ndege, maana ndege nao wana malaria yao, ambayo haimpati binadamu. Akisaidiwa na Muhammed Bux na wenzake waliomtunzia ndege na mbu, aliwaacha mbu wa aina nyingine wawaume ndege wagonjwa. Kisha aliwapasua mbu hao kwa zamu, ili afuate safari ya vimelea hatua kwa hatua.

Aliona kwamba vile vitu vya mviringo hukua mpaka vikapasuka. Ndani yake hutoka vijiti vyembamba kwa maelfu, vikaenea katika mwili wa mbu. Mwezi wa Julai, 1898, aliviona vijiti hivyo vimejaa katika tezi iliyo karibu na kichwa. Ilikuwa tezi ya mate. Fumbo likafumbuka. Mbu anapouma, kwanza hutia mate yake katika ngozi, na vimelea huingia pamoja na mate hayo. Ili kuhakikisha, Ross aliwaacha mbu wenye vimelea wawaume shomoro wazima. Wengi wa shomoro hao wakapata malaria.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wataalamu wa Italia, wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi, walithibitisha kwamba binadamu naye huambukizwa kwa njia hiyo, na kwamba mbu wanaohusika ni anofelesi. Ni huzuni kueleza kwamba Ross na Grassi waligombana kwa miaka mingi juu ya nani astahili sifa. Leo twaweza kusema kwamba kazi ya mmoja iliikamilisha kazi ya mwingine.

Kutoka maabara hadi mitaani

Mwaka 1899 Ross aliacha utumishi wa India, akawa mwalimu katika chuo kipya cha magonjwa ya nchi za joto mjini Liverpool. Mwaka huo huo alisafiri mpaka Freetown, Sierra Leone, akawatafuta anofelesi katika madimbwi ya mitaani. Mwaka 1902 alikwenda Ismailia, mji wa Misri ulio kando ya mfereji wa Suez. Hapo watu wapatao 2,000 walikuwa wakiugua malaria kila mwaka. Mabwawa yalifukiwa, mitaro ikachimbwa, na maji yasiyoweza kuondolewa yakamwagiwa mafuta ili viluwiluwi vikose hewa. Katika mwaka 1903 wagonjwa walikuwa kama 200 tu.

Mwaka 1902 Ross alipewa Tuzo ya Nobel ya udaktari. Lakini watu wengine bado walimpinga. Walisema kuwa haiwezekani kuwaua mbu wote duniani, kwa hiyo juhudi zote ni bure. Hapo Ross alirudia hesabu alizozipenda tangu ujanani. Alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuwaua mbu wote. Wakipunguzwa mpaka idadi fulani, mgonjwa mmoja hataweza kuambukiza hata mtu mmoja mwingine, na ugonjwa utakwisha wenyewe mahali hapo. Wataalamu wa magonjwa wanaitumia njia hiyo ya kufikiri mpaka leo.

Ronald Ross alifariki mjini London tarehe 16 Septemba, 1932, akiwa na umri wa miaka 75. Kila mwaka tarehe 20 Agosti huadhimishwa kuwa Siku ya Mbu Duniani, kwa ukumbusho wa ugunduzi wa Secunderabad.

Kazi ambayo haijakwisha

Malaria haijakwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 ugonjwa huu uliwaua watu wapatao 597,000. Wengi wao walikuwa watoto wa Afrika wasiotimiza umri wa miaka mitano. Silaha zetu hata hivyo zimeongezeka. Tunavyo vyandarua vilivyotiwa dawa. Tunazo dawa zitokanazo na mmea wa pakanga, ambazo msingi wake uligunduliwa na Tu Youyou wa China katika miaka ya 1970. Mwaka 2021 chanjo ya kwanza ya malaria ilipendekezwa itumike kwa watoto, baada ya kujaribiwa katika Kenya, Malawi na Ghana.

Silaha hizi zote zimetokana na swali la kale lililojibiwa vizuri. Watu wa Usambara walitazama. Manson alikisia. Ross, Husein Khan, Muhammed Bux na Waitalia walipima. Kutazama, kukisia na kupima ndizo hatua za sayansi, na hakuna moja itoshayo bila nyingine. Ukiona kifuu cha nazi au kopo lenye maji ya mvua uani kwenu, litazame kwanza, kisha ulimwage.

Jambo la kutenda

Chukua chupa safi ya kioo. Chota maji yenye viluwiluwi katika dimbwi, ukiwa pamoja na mwalimu wako. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi, ukifunge imara kwa uzi. Tazama kila siku, uandike unayoyaona. Viluwiluwi vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, navyo viluwiluwi vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Je, vyako ni vya aina gani? Mabadiliko yakianza kuonekana, mwaga maji yote juu ya mchanga mkavu kabla mbu hawajaruka.

Maswali

1. Neno malaria lina maana gani, na kwa nini ugonjwa huu ulipewa jina hilo?
2. Ross alijifunza nini katika pipa la maji la Bangalore?
3. Ni sehemu gani ya wazo la Manson iliyokuwa ya kweli, na ni sehemu gani iliyokuwa ya kosa?
4. Kwa nini Ross hakuona vimelea katika mbu aliowapasua kwa miaka miwili ya kwanza?
5. Kwa nini ilikuwa muhimu kumpasua mbu mwingine tarehe 21 Agosti?
6. Eleza safari ya vimelea tangu damu ya mgonjwa mpaka damu ya mtu mzima wa afya.
7. Jirani yako asema kwamba kufukia dimbwi moja hakuna faida kwa kuwa mbu ni wengi. Utamjibu nini?